SURA YA NNE: Ghuba ya Winam na Milima Iilishayo

Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo tangu zama za mababu zao wamelijua kwa jina la Nam Lolwe, lina eneo la kilomita za mraba 68,800, nalo limegawanywa baina ya dola tatu; na katika mgawanyo huo Kenya ilipata fungu dogo kuliko wenzake, asilimia sita tu ya maji yote, ambalo kiasi cha theluthi yake ni mkono mmoja ulionyooshwa kuelekea mashariki, ukapenya ndani ya nchi hadi chini ya mji wa Kisumu. Mkono huo ndio Ghuba ya Winam, iliyoandikwa katika ramani za wakoloni kwa jina la Kavirondo. Urefu wake ni takriban kilomita 60, na eneo lake takriban kilomita za mraba 1,400. Na ilhali ziwa lenyewe lina wastani wa kina cha mita 40, ghuba hii wastani wake hauzidi mita 10, na pande za Nyakach na Kano, penye vinamasi, mvuvi hufika chini kwa upondo wake bila taabu. Mlango wake mkuu wa kutokea ziwani umebanwa baina ya kisiwa cha Rusinga na rasi ya Uyoma, hata maji yaliyoingia kwa mito upande wa Kisumu hukawia sana kabla ya kuonana na ziwa kuu.

Na mito hiyo haitoki karibu. Nyando yashuka kutoka milima ya Nandi na Tinderet. Sondu-Miriu yatoka msitu wa Mau na kupita nchi ya Kericho. Kibos na Nyamasaria zateremka kutoka majabali ya Nandi. Na ile mito midogo iitwayo Awach yakimbia kutoka miinuko ya kusini, mikavu miezi kadhaa na yenye ghadhabu siku ya mvua. Kila tone linyeshalo huko, pamoja na kila kitu ambacho tone hilo limekibeba, hatima yake ni katika maji haya mafupi yasiyo na pa kukimbilia. Rai nitakayoitetea katika sura hii ni kwamba Ghuba ya Winam iliugulia nchi kavu, na kwamba wote waliojaribu kuitibu kwa kushughulika na maji peke yake, wawe wakoloni au warithi wao, walitumia mali nyingi na kupata nafuu chache.

Kwa asili ghuba imelala katika bonde la ufa, tawi lililojitenga na Bonde Kuu na kuelekea magharibi, na ardhi yake ni kongwe mno: ni katika kisiwa cha Rusinga ambako Mary Leakey, mwaka 1948, alifukua fuvu la yule nyani wa kale aitwaye Proconsul, aliyeishi miaka milioni kumi na kadhaa kabla ya kuwapo ziwa. Lakini maji yenyewe ni mageni. Wataalamu waliochunguza matope ya chini wamethibitisha kwamba ziwa zima lilikauka miaka ipatayo elfu kumi na tano iliyopita, likajaa upya. Na tangu hapo ndipo wale samaki wadogo waitwao fulu walipozidi kugawanyika kwa jinsi na tabia, wengine wakila konokono, wengine mwani, wengine mayai ya wenzao, hata wakapita aina mia tano katika ziwa zima. Ni mahali pachache duniani ambapo viumbe wenye uti wa mgongo wamezaana kwa namna nyingi hivi katika muda mfupi hivi.

Watu wa ufuoni walivua kwa vyombo vilivyotokana na mimea ya hapo hapo. Walitega osadhi, mitego ya kusuka yenye mdomo wa kuingilia usiotokeka. Walizungushia kek, nyua za mafunjo na fito zilizowazuia samaki maji yapungukapo. Na walikokota gogo, mfano wa wavu uliosukwa kwa mafunjo matupu, kazi ya watu wengi kwa pamoja. Samaki aliyependwa kuliko wote mitoni alikuwa ningu, ambaye kila masika hupanda Nyando na Sondu kwenda kutaga, na ngege, perege wa asili, ndiye aliyetawala ghubani. Sisemi kwamba watu wale walikuwa wahifadhi kwa maana tuitumiayo leo. Vyombo vyao vilikuwa na ukomo, nao ukomo huo uliwatosha samaki na wavuvi pamoja.

Ukomo uliondoka kwa reli. Desemba ya mwaka 1901 njia ya reli iliyoanzia Mombasa ilifika mwambao wa ghuba, mahali palipopewa kwanza jina la Port Florence na baadaye Kisumu, na meli William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kuungwa pale pale, ilikuwa imekwisha kuteremshwa majini mwaka mmoja kabla. Ghafula ngege wa Winam akawa na wanunuzi Nairobi. Mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kitani za kutega, zilizofumwa Ulaya, na kwa nyavu hizo mtu mmoja na mwenzake waliweza kwa usiku mmoja kupata ulichopata ukoo mzima kwa gogo. Haikupita hata robo ya karne, wavu uliokuwa ukileta ngege kwa makumi ukawa unaleta wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilishtuka, zikamleta mtaalamu wa samaki, Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa ziwa zima mnamo 1927 na 1928. Taarifa yake ni miongoni mwa maandiko machache ya kiserikali ya zama zile ambayo mtu aweza kuyasoma leo bila kuona haya kwa niaba ya mwandishi. Alipendekeza kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi tano, ili ngege apate kuzaa walau mara moja kabla ya kunaswa, na mwaka 1933 rai yake ikawa sheria. Alionya vilevile juu ya hatari kubwa ya kuleta kutoka kwingine samaki mkubwa mla wenzake. Sheria ya inchi tano ilidumu kwa jina zaidi kuliko kwa vitendo. Wasimamizi walikuwa wachache, fuo zilikuwa nyingi, na nyavu za nailoni zilipokuja katika miaka ya 1950, nyepesi na zisizooza, hapakuwa na mkono wa kuzizuia. Uganda na Tanganyika ziliifuta sheria mwaka 1956, na Kenya ikafuata mwaka 1961. Ngege leo hapatikani ghubani. Anayemtaka hana budi kwenda katika viziwa vilivyojitenga kama Kanyaboli, kule kwenye kinamasi cha Yala, ambako amesalia.

Na lile onyo la pili la Graham lilipuuzwa kabisa. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alionekana upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, na ingawa Geoffrey Fryer, mwanachuoni wa samaki wa ziwa hili, aliandika mwaka 1960 kupinga jambo hilo kwa hoja ambazo hazikuwahi kujibiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara akapandikizwa waziwazi, Uganda na kando ya Kisumu. Kwa miaka kumi na mitano hakuonekana kufanya lolote la kutisha. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, akalipuka kwa wingi, na fulu waliokuwa sehemu kubwa ya uzito wa samaki wote wakatoweka katika nyavu ndani ya miaka michache. Aina zipatazo mia mbili hudhaniwa kuwa zimepotea kabisa katika ziwa zima. Palijengwa viwanda vya minofu Kisumu, minofu ikasafirishwa Ulaya, na mwenyeji akabakiwa na mgongo wazi: kichwa, uti na mkia, vilivyokaangwa na kuuzwa kwa wale ambao babu zao walikula ngege mzima. Sangara ana mafuta mengi, haanikwi juani kama fulu, hana budi kukaangwa au kukaushwa kwa moshi, na moshi wataka kuni; basi hata huyu samaki, kwa njia asiyoidhania mtu, alichangia kuvua vilima vya ufuoni miti yake.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo historia za uvuvi aghalabu huliruka. Wengi husema kwamba sangara ndiye aliyeiharibu ghuba, na hakika madhara yake hayakanushiki; lakini matope ya chini ya ziwa, ambayo ni daftari lisiloghushiwa, yametoa ushahidi mwingine. Watafiti waliochimba tabaka zake, moja juu ya moja, waliona kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, kabla ya sangara kutiwa majini, na kwamba ongezeko hilo lilifuatana na kuongezeka kwa watu na mashamba katika nchi izungukayo ziwa. Vipimo vya Jack Talling, vilivyochukuliwa mwaka 1960 na 1961 upande wa Jinja, vilipolinganishwa na vile vya Robert Hecky na wenzake miaka thelathini baadaye, ilidhihirika kwamba mwani umeongezeka maradufu na zaidi, kwamba jicho halipenyi tena majini kwa kina lililopenya zamani, na kwamba maji ya chini, yaliyokuwa na hewa sehemu kubwa ya mwaka, sasa hukosa oksijeni kwa miezi.

Sababu si fumbo. Katika miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yalifunguliwa Kericho, na miwa ikapandwa Miwani. Baada ya uhuru, viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil vikajengwa katika bonde la Nyando, na mwaka 1969 mradi wa mpunga wa Ahero ukaanza katika tambarare za Kano. Juu yao, mkulima mdogo, aliyesukumwa na wingi wa ndugu na uchache wa ardhi, alipanda kwenda kwenye miteremko ambayo babu yake aliwaachia nyani, akafyeka, akalima kwa kufuata mteremko, na kila masika akaona udongo wake wa juu ukiondoka. Madini ya fosforasi yana tabia ya kugandamana na chembe za udongo; hivyo udongo ukiondoka, fosforasi huondoka nao, na ikifika mahali penye maji mafupi, yenye joto na yasiyotembea, huwa ni karamu kwa mwani. Ongeza hapo maji machafu ya Kisumu, mji uliokua haraka kuliko mabomba yake, na ongeza majivu ya mashamba yanayochomwa kila kiangazi, ambayo upepo huyachukua na mvua huyateremsha ziwani.

Anayetaka kushuhudia na asimame kwenye daraja la Ahero siku ya pili baada ya mvua kubwa ya milimani. Nyando hupita chini yake nzito, rangi ya tofali, ikizungusha vigogo, mabua ya mahindi, na mara nyingine kichaka kizima chenye mizizi yake. Ukichota maji kwa chupa ya kioo na kuyaacha yatulie hadi jioni, utaona chini ya chupa tabaka la udongo laini kabisa, usiokwaruza kidole. Huo ni udongo wa juu, ule ulioota mahindi. Mkulima wa Tinderet asingeuacha uende lau angepewa njia ya kuushika.

Zamani ghuba ilikuwa na ulinzi wake. Mafunjo, yale matete marefu yenye vichwa vya nyuzi, yalizunguka midomo ya mito kwa vinamasi vipana, na yalifanya kazi ya kifumbu: maji yaliyojaa udongo yaliingia upande mmoja, yakapunguza mwendo baina ya mashina maelfu, yakaacha mzigo wao katika mizizi, na yaliyotoka upande wa pili yalikuwa yamepungua udongo na fosforasi. Humo walizaliana kambare na kamongo, humo alijificha nzohe, na humo waliishi ndege wasiopatikana pengine ila katika mafunjo. Kati ya mwaka 1969 na 2000, kwa kulinganisha picha zilizopigwa kutoka angani, ilionekana kwamba kinamasi cha Dunga, kando ya Kisumu, kimepoteza nusu ya mafunjo yake. Koguta karibu nusu. Na Kusa kiasi cha theluthi. Ziwa liliposhuka katika miaka iliyofuata na ufuo ukakauka, majembe yaliingia mahali ambapo maji yalikuwa mlinzi.

Wavunaji wa mafunjo wa Dunga, ambao wengi wao ni wanawake, wana elimu yao katika jambo hili. Mvunaji husimama katika maji hadi magotini, hushika shina kwa mkono wa kushoto, hukata juu ya maji kwa panga au mundu kwa pigo moja la mshazari, na hachagui changa. Akikata hivyo, shina jipya huchipuka kutoka katika mzizi uleule, na kwa miezi michache mahali pale huwa pamefunga tena. Mashina huanikwa, hupasuliwa, husukwa mikeka, vikapu na dari. Mafunjo hustahimili panga, hustahimili hata moto, maadamu mizizi yake imo majini. Kinachoyaua ni jembe lingoalo mzizi wakati maji yamepungua, na ng'ombe akanyagaye machipukizi. Kwa hiyo mtu anayetafuta riziki kwa mafunjo ana haja ya mafunjo kuwapo, na ni kosa kubwa la baadhi ya watawala kumtazama mvunaji kana kwamba ni mharibifu, hali wamempa kibali ajengaye juu ya kinamasi kilichofukiwa.

Mnamo mwanzo wa miaka ya 1980 ghuba ilipata jeraha jingine, dogo kwa macho. Ili kuunganisha kisiwa cha Rusinga na bara, mkondo wa Mbita, uliokuwa mlango wa pili wa ghuba, ulizibwa kwa tuta la mawe na barabara ikapitishwa juu yake. Nia ilikuwa njema, na watu wa Rusinga walistahili barabara. Lakini maji yaliyozoea kupita pale yakasimama, mwani ukakusanyika pande zote mbili, na wavuvi wakaanza kulalamika tangu miaka ile. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini hadi tuta hilo kukatwa na daraja kujengwa mahali pake. Mbita yenyewe imepata nafuu. Kisumu, iliyo umbali wa kilomita makumi, haiwezi kutazamia mengi kutoka kwa mkondo huo. Hata hivyo nalihesabu daraja lile kuwa miongoni mwa matendo mema machache yaliyotendewa ghuba hii, kwa kuwa lilirudisha haki ya maji kupita.

Kisha likaja gugu-maji. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, ua lake ni la zambarau na zuri, na kwa uzuri huo lilichukuliwa na watu kupamba vidimbwi vya mabustani katika nchi nyingi. Lilionekana katika Ziwa Viktoria mwaka 1989, na Winam lilitambulika mwaka uliofuata. Katika maji yenye rutuba huweza kujizidisha maradufu kwa wiki mbili au pungufu, na mbegu zake hulala katika tope kwa miaka mingi zikingoja. Winam, yenye maji mafupi, ya joto, yaliyoshiba fosforasi ya Nyando, ilikuwa makao yaliyoandaliwa kwa ajili yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipomwaga mitoni rutuba ya miaka, gugu likatanda hata, mwishoni mwa 1998, zaidi ya hekta 17,000 za ghuba zikawa zimefunikwa. Meli zilishindwa kufunga gati Kisumu. Mashua zilinaswa njiani na wavuvi wakalala majini. Mabomba ya maji ya kunywa ya mji yaliziba. Na chini ya zulia lile, penye giza na pasipo hewa, samaki walihama, ilhali konokono wa kichocho walistawi.

Palikuwa na wakati ambapo kila mtu alikuwa na dawa. Wengine walitaka sumu. Wengine walichangishana vijana wakang'oa kwa mikono, kazi ya kishujaa iliyofutwa na wiki mbili za jua. Serikali iliikodi kampuni moja ya Marekani, ikaleta mashine zilizokatakata gugu na kuliacha lizame. Watu wa ufuoni walipinga, wakisema kwamba kitu kilichooza chini ya maji hakijaondoka, na hoja yao ilikuwa ya haki, kwa kuwa rutuba yote iliyokuwa katika jani ilirudi katika tope.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa ndogo kama punje ya mchele. Ni fukusi wa jamii ya Neochetina, aina mbili, waliotolewa kule kule gugu lilikotoka, na wasioweza kuishi kwa mmea mwingine. Baada ya kujaribiwa na kuthibitika hivyo, waliachiliwa ghubani kuanzia mwaka 1997, katika mradi mkubwa wa mazingira wa ziwa ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Walizalishwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibos, na baadaye na vikundi vya wavuvi wenyewe, ambao waliwafuga katika mabeseni yaliyojaa gugu pale ufuoni, kisha wakachukua mimea iliyokwisha kuingiwa, wakaipakia mashuani na kuitupa katikati ya zulia. Jani lililoguswa na fukusi hujulikana: lina madoa madogo ya mraba, yaliyokwaruzwa hadi weupe. Lakini afanyaye kazi kubwa ni buu. Jike hutaga yai ndani ya bua lililovimba, buu hutoboa kushuka hadi kitovu cha mmea ambako majani hutokea, maji huingia katika tundu hilo, ukungu hufuata, na mmea uliokuwa ukielea kwa kiburi huanza kuinama, huwa kahawia, na huzama. Kufikia mwaka 2000 zulia lilikuwa limebaki hekta mia chache.

Wataalamu wameshindana, wengine wakisema kwamba mawingu na mawimbi ya El Niño ndiyo yaliyovunja gugu, wengine wakimpa fukusi sifa yote. Mimi naona kwamba mawimbi yalivunja mmea uliokwisha kudhoofishwa, na kwamba fukusi, ambao mwaka 2006 na 2007 walikuwa wamebaki wachache kwa kukosa chakula, hawakuweza kuzuia gugu lilipofufuka baada ya mafuriko ya mvua zile za vuli. Lilifufuka mahali palepale, midomoni mwa Nyando na Sondu, kwa rutuba ileile. Tangu hapo hurudi na kuondoka, likifuatwa mara nyingi na nyasi ndefu za kinamasi ziotazo juu yake na kulishona zulia kuwa kisiwa. Kila lirudipo, watawala huitisha mashine.

Yanayofanyika milimani hayapigwi picha sana, nami nataka yajulikane. Tangu mwanzo wa karne hii watafiti wa kilimo cha misitu walichora kwa picha za setilaiti mahali ambapo bonde la Nyando linamomonyoka zaidi, hata ikajulikana ni miteremko ipi yatoa udongo mwingi kuliko mingine. Katika korongo la Katuk-Odeyo, Nyakach, lililokuwa limemeza mashamba na njia, wenyeji walikubaliana kuondoa mifugo, wakajenga vizuizi vya mawe na magunia, wakapanda miti na mkonge pembeni, na nyasi zikarudi katika kuta ambazo hapo awali ziliporomoka kila mvua. Mkulima aliyepanda matuta ya nyasi kwa kukingamana na mteremko hupata lishe ya ng'ombe wake mwaka uleule. Hangoji ghuba ipone ndipo afaidike. Nalitazama jambo hili kwa matumaini makubwa kuliko mradi wowote wa majini, kwa sababu maslahi ya mkulima na maslahi ya mvuvi yamekutana bila kulazimishwa.

Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, likazamisha nyumba, hoteli na mashamba yaliyojengwa juu ya ufuo uliokauka. Watu waliumia, na dhiki yao si ya kubezwa. Lakini ni vema ikumbukwe kwamba mvua za uhuru, mwaka 1961 hadi 1964, zilikuwa zimeinua ziwa zaidi ya mita mbili, na wazee wa Kano waliokumbuka kimo kile hawakujenga chini yake. Kanuni za Kenya za maji zataka ukingo uachwe, mita sita hadi thelathini kutoka alama ya juu ya maji. Kanuni hiyo ingelitekelezwa, mafunjo yangepata pa kurudi na watu wengi wasingepoteza walichojenga.

Ghubani sasa kuna vizimba vya kufugia perege, maelfu kwa maelfu, na vimewapa vijana ajira na mji kitoweo wakati sangara amepungua. Navitakia heri, ila chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki hao ni rutuba nyingine katika maji yaliyokwisha kushiba, na pale maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapopandishwa juu na upepo, samaki wa kizimba hana pa kukimbilia, hufa wote kwa usiku mmoja. Lazima vizimba vipelekwe mahali penye kina na mkondo, na viwekewe idadi.

Hukumu yangu ni hii. Nyando hupita katika kaunti za Nandi, Kericho na Kisumu, na ghuba yaigusa Homa Bay. Hakuna moja kati yao iwezayo kuiponya ghuba peke yake, na hadi leo kila moja hupanga fedha zake kana kwamba mto huanza na kukoma ndani ya mipaka yake. Kaunti hizo na ziwe na mfuko mmoja wa bonde zima, na shilingi ya kwanza ya mfuko huo iende kwenye miteremko ya juu ya Nyando, ya pili kwenye mabomba ya maji machafu ya Kisumu, ya tatu kwenye mipaka ya mafunjo ya Dunga, Kusa na Koguta. Na fukusi wazidi kuzalishwa kila mwaka, hata miaka ambayo gugu halionekani. Ikibaki fedha baada ya hayo, ndipo inunuliwe mashine.